Gadi za mpira mbele ya magurudumu ya loko mgodini, zinasaidia kweli au tunajifariji?

#1 Fundi_Leveli
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja. Mimi ni fundi mitambo, nipo Sauzi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu, jina siweki maana bado nakula hapo. Kazi yangu ni loko, vile vichwa vidogo vya treni vya betri vinavyovuta hopa, yaani vigari vya mawe, chini ya ardhi. Tani 10, reli upana wake 610 mm, ukiiona ukitoka kuona ya TRC unaweza kudhani ni ya watoto.

Shida yetu ni hii. Kuna kipande cha kama mita 80 kabla ya kufika kwenye boksi ya kupakilia, hapo treni inaacha njia karibu kila wiki. Kila ikiacha ni masaa mawili matatu ya jeki, magogo na matusi. Ukimulika taa unakuta juu ya reli pana alama ya unga mweupe, yaani jiwe limesagwa hapo. Kwa hiyo kwamba ni mawe hilo hatubishani.

Loko zilikuja na gadi za chuma mbele ya magurudumu, moja kila upande, kazi yake kusukuma mawe yasifike chini ya gurudumu. Zote zimepinda, mbili tumezikata na gesi kabisa maana zilikuwa zinakwama. Sasa mwezi uliopita mzee mmoja Mosotho ninayefanya naye kazi akaokota mkanda uliokufa wa konveya, ile mashine ya mkanda wa kubebea mawe, akakata vipande upana wa shibiri hivi, akavifunga na bolti palepale pa gadi za zamani, vinaning'inia mpaka vinagusa reli. Vijana wanaziita ndevu. Foromani kacheka, safety kaja kapiga picha kaondoka bila kusema kitu.

Swali langu: kuna mtu amewahi kuona hizi kitu zikifanya kazi? Au nimwambie mzee azitoe kabla hatujaitwa ofisini. Natanguliza shukrani.

#2 Kichuguu
Gadi wa mpira? Anachezea timu gani huyo mkuu, Simba au Yanga

#3 Baharia Mstaafu
Mimi niliposoma kichwa cha uzi nikajua ni gadi wa treni kanunua mpira. Ngoja waje wanaojua, nimekaa siti ya dirishani.

#4 Mjomba Spana
Mbona hayo ni madigadi tu kama ya fuso, tofauti yameletwa mbele. Ya fuso yanazuia tope lisiruke, haya yanazuia jiwe lisiingie. Mzee wa watu ana akili, muache.

#5 Gengi Namba Saba
Fundi pole na kazi. Mimi nimekula miaka 26 kwenye gengi la njia, reli ya kati, Tabora kwenda Kigoma. Nakuuliza maswali matatu kabla hujaniambia habari ya mpira.

Moja, hapo mita 80 mataruma yakoje, ya mbao au zege, na yamekaa kwenye kokoto au kwenye tope? Mbili, fishipleti, vile vyuma vinavyounga reli na reli, zote zina bolti nne au kuna zenye mbili? Tatu, umepima geji, yaani upana kati ya reli mbili, kwenye hiyo sehemu au umeangalia kwa macho?

Maana mimi nijuavyo, jiwe moja la ngumi halitoi treni kwenye njia nzuri. Linatoa treni kwenye njia ambayo ilishataka kuitoa. Mkuta jiwe anasema jiwe, hajui kwamba reli imefunguka inchi nzima.

#6 Fundi_Leveli
#5 shikamoo mzee. Mataruma ni ya mbao mengine yameoza, yamelala kwenye mchanganyiko wa kokoto na tope, mfereji wa maji pembeni umejaa. Bolti sitaki kusema uongo, kuna sehemu zipo mbili. Geji sijapima mimi, njia ina watu wake na mimi nikienda na kipimo wataona nawachongea.

#7 Gengi Namba Saba
Marahaba. Basi jibu unalo.

#8 Mse wa Voi
Wait, so hizi treni huenda speed gani? Huku kwetu SGR imejengwa juu kwa tuta na ina fensi, na bado kuna time ndovu na nyati huingia huko Tsavo. Hiyo kichwa ya SGR iko na kitu mbele kama koleo kubwa. Why wasiweke hiyo tu kwa loko yenu, chuma solid, ikuje na jiwe ipige kando, kazi iishe?

#9 Fundi_Leveli
#8 kaka speed ni kama ya mtu anayekimbia, hatuzidi kilomita 12 au 15 kwa saa. Chuma solid ndio hizo nimesema zilipinda. Ngoja nieleze vizuri maana hapa ndipo penye mchezo wote.

Gadi ya chuma ukiiweka karibu na reli, tuseme sentimita moja, inasafisha vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili loko inapita kwenye kiungo ambacho reli moja imenyanyuka kuliko mwenzake, gadi inagonga. Au inapita kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, inashika ncha ya ule ulimi. Hapo aidha gadi inapinda au yenyewe ndiyo inainua gurudumu. Kingine watu hawafikirii, magurudumu yanalika. Ukiyapeleka leizi, mashine ya kuchongea chuma, kuyachonga upya yanapungua, loko nzima inashuka, gadi inashuka nayo. Fundi wa shifti nyingine hajui, anairudisha kazini, inaanza kulima mataruma.

Ukiogopa hayo ukainyanyua sentimita tatu nne, sasa umefanya nini? Jiwe linalosumbua ndio lenye ukubwa huohuo, linapita chini yake linaenda kwa gurudumu. Kubwa zaidi ya hapo dreva analiona mwenyewe anasimama.

Ndio maana mzee akaja na mpira. Unagusa reli, ukikutana na kiungo unakunja unapita.

#10 Mse wa Voi
Okay hiyo imeingia. Respect kwa huyo mzee.

#11 Injinia Mtarajiwa
Habari wakubwa, nasoma Chuo cha Madini Dodoma. Hichi kifaa asili yake ni ile gadi ya mbele ya treni ya kuzuia ng'ombe, iligunduliwa na Charles Babbage yule wa kompyuta mwaka 1838. Kwa hiyo kanuni yake ni ileile ya kusukuma kizuizi pembeni, na chuma ni bora kwa sababu hakipotezi nguvu.

#12 Bibi Historia
#11 mwanangu punguza mwendo. Babbage alipendekeza ndio, kwa reli ya Liverpool na Manchester, lakini kwenye loko halisi inayokumbukwa ni Isaac Dripps, Marekani, 1833, aliifunga kwenye loko inaitwa John Bull iliyoletwa New Jersey kutoka Uingereza mwaka 1831. Na ile haikuwa chuma tu cha kusukuma. Ilikuwa kama kagari kadogo ka mbele kenye magurudumu yake mawili, kalisaidia na kuiongoza loko kwenye kona, maana reli zao za wakati ule zilikuwa mbovu kuliko za Ulaya. Kwa hiyo hata ya ng'ombe ilikuwa inatibu njia mbovu pia. Mzee wa gengi #5 ana haki ya kutabasamu.

#13 Gengi Namba Saba
Nimetabasamu bibi.

#14 Injinia Mtarajiwa
Asante kwa kunirekebisha. Ila bado nashikilia chuma.

#15 Kichuguu
Dogo kashikilia chuma, mwachieni.

#16 Mama Sketi
Jamani nimechelewa, nimetoka zamu. Mimi nipo kiwanda cha saruji, konveya ndio ndoa yangu ya pili. Naomba niongelee huo mpira maana wote mnasema mpira mpira kama vile mipira yote ni mmoja.

Mkanda wa konveya una matabaka. Kuna wenye nguo ndani na kuna wenye waya za chuma. Ukikata ule wa waya ukauning'iniza unagusa reli, baada ya wiki mpira wa chini unalika waya zinatoka nje kama sindano, mtu akipita kuiosha loko zinamchana mkono, na zikishika kwenye kiungo zinavuta kipande chote. Fundi angalia mzee katumia upi.

Pili, mkanda uliokufa umeshanyonya vumbi la mawe, umekuwa msasa. Sisi kwenye konveya hairuhusiwi kutumia mkanda mkuukuu kuwa sketi (ule mpira wa pembeni unaozuia mzigo usimwagike), kwa sababu unakula mkanda mzima ulio chini yake. Kwenye reli labda sio hoja, reli ni chuma, lakini ujue.

Tatu unene. Milimita 10 utakunja hata kwa kokoto, jiwe litaupita kama pazia. Milimita 20 unakuwa mgumu karibu na ubao. Mimi ningeweka vipande viwili vyembamba vimepandana, cha mbele kirefu cha nyuma kifupi. Cha mbele kinapangusa, cha nyuma kinakipa mgongo.

Na kama ni mgodi wa makaa mtu asijaribu mpira wowote anaouokota. Kule unatakiwa ule usioshika moto na usiojaza umeme wa kusuguana, kwa ajili ya gesi.

#17 Fundi_Leveli
#16 dada chukua maua yako. Wa mzee ni wa nguo, matabaka matatu, nimehesabu leo. Unene kama 14 hivi. Alikuwa anakata na kisu huku mwenzake anamwagia maji ya sabuni, mimi nilikuwa nimeshaleta grainda akaniambia grainda itauunguza ukingo uanze kuchanika, weka chini. Na kwenye bolti kaweka bapa la chuma nyuma na mbele, mpira umebanwa katikati kama mkate, anasema ukifunga washa peke yake bolti itauchana siku hiyohiyo.

#18 Mama Sketi
Huyo mzee amewahi kufunga konveya. Msalimie.

#19 Tata Wagoneti
Jambo ba ndugu. Mi niko Likasi, Katanga. Ile munaita hopa, siye tunaita wagoneti. Baba yangu alitumika miaka mingi ku mine ya shaba, alikuwa anaendesha loko ya umeme ya waya ya juu. Bale bazee habakuwaka na mpira, balikuwa banatia minyororo mbele ya magurudumu, mifupi, kila upande ine ao tano, inavutika juu ya reli. Jiwe kidogo, munyororo unalitupa. Na tena alikuwa anasema ile kelele ya munyororo njo ilikuwa inaambia bantu kama loko inakuya, juu ile loko ya umeme haina kelele sana.

#20 Fundi_Leveli
#19 minyororo! Hiyo sikuwahi kuiwaza. Haikuwa inashika kwenye pointi?

#21 Tata Wagoneti
Ilikuwa inashika. Siku moja ilishika, ikakatika, ikamupiga baba hapa ku mukono. Kisha pale bantu banaifupisha. Kweli siye wote tunayua ile alama yake.

#22 Mjomba Spana
Kwa hiyo ya chuma inapinda, ya mnyororo inapiga dreva, ya mpira inachekwa na foromani. Nachagua kuchekwa.

#23 Dreva wa Njia ya Uhuru
Wakuu, mimi nilikuwa TAZARA, kichwani, kilomita 1,860 nimezizoea kama barabara ya kwetu. Nina neno moja na ni la MCHANGA.

Loko yenu ina masanduku ya mchanga? Lazima yapo. Ule mchanga unamwagika juu ya reli mbele ya gurudumu ili lishike, hasa pakiwa na maji, na chini ya ardhi maji hayakosekani. Sasa bomba la mchanga liko wapi kulinganisha na hizo ndevu? Kama bomba liko mbele ya mpira basi mnamwaga mchanga halafu mnaufagia wenyewe kabla gurudumu halijaufikia. Dreva anafunga breki, gurudumu linateleza, anafika kwenye jiwe na mwendo mkubwa kuliko alivyotaka. Hapo ndevu zenyewe ndizo zinasababisha.

Mpangilio ni ndevu, mchanga, gurudumu. Ukiukosea umetengeneza tatizo jipya.

#24 Fundi_Leveli
#23 mkuu umenitoa jasho. Nitaangalia kesho shifti ya asubuhi.

#25 Mse wa Voi
Hii thread imekuwa darasa, mimi nilikuja tu kuuliza ndovu.

#26 Asiyelala
Samahani naingilia. Hapo mita 80 hakuna mtu aliyewahi kufia? Nauliza tu. Kuna sehemu huwa zinahitaji sadaka, mtabadilisha mpira mpaka mchoke.

#27 Kichuguu
Nilijua utakuja. Loko itachinjiwa kuku mwekundu au mweupe?

#28 Fundi_Leveli
#26 ndugu mgodini hakuna mita ambayo hajafia mtu, ukianza hesabu hiyo hatutashuka.

#29 Bibi Historia
Na nyie mnaoongea gadi za magurudumu kama ndio usalama wote wa loko, kumbukeni mgodi wa Vaal Reefs, hukohuko Sauzi alipo mleta uzi. Mwaka 1996 loko ilitumbukia kwenye shafti, lile shimo la wima la kushukia, ikaua watu zaidi ya mia.

#30 Fundi_Leveli
Bibi leo nakurekebisha mimi, kwa heshima. Ni tarehe 10 Mei 1995, karibu na Orkney. Loko ilivuka vizuizi, ikaingia kwenye shafti ikaangukia keji, yaani lifti ya mgodi, iliyokuwa imebeba wachimbaji waliomaliza shifti. Walikufa 104. 1996 ni mwaka wa sheria ya afya na usalama migodini. Huku kila mtu wa loko anafundishwa hiyo habari siku ya kwanza, kabla hata hujapewa buti.

#31 Bibi Historia
Nimepokea. Mungu awarehemu.

#32 Sina Haraka
Nimesoma kuanzia #1 na kuna swali moja hamjauliza na mimi linaniwasha. Mleta uzi, hapo penye matatizo loko iko MBELE au iko NYUMA?

#33 Fundi_Leveli
Unamaanisha?

#34 Sina Haraka
Namaanisha loko inakwenda kwenye boksi ya kupakilia, je inavuta hopa au inazisukuma? Kama njia inaishia huko na hakuna pa kuzungukia, lazima upande mmoja loko iwe nyuma. Sasa kama inasukuma, gurudumu la kwanza kukutana na jiwe sio la loko, ni la hopa ya mwisho kabisa ambayo imekuwa ya kwanza. Na hopa ina gadi? Haina. Ndevu zako ziko mita 30 nyuma zinafagia njia iliyokwishapitwa.

#35 Mjomba Spana
😳

#36 Kichuguu
Uzi ufungwe.

#37 Fundi_Leveli
Hapana usifungwe. #34 umenishika pabaya. Kwenda tunasukuma hopa tupu, kurudi tunavuta zikiwa zimejaa. Nimekaa nimekumbuka zile mara nilizoitwa mimi mwenyewe mwezi huu, nne: mbili ilikuwa hopa tupu ya mbele kabisa, moja loko, moja katikati ya treni wakati wa kurudi.

Na kuna kitu kinaendana na unachosema. Loko ni tani 10 magurudumu manne, kila gurudumu linakalia tani mbili na nusu. Jiwe likiingia chini linasagwa, ndio ule unga mweupe. Hopa tupu ni nyepesi, haina uzito wa kulisaga, kwa hiyo inalipanda. Ikishapanda ile flanji, ule ukingo wa ndani wa gurudumu unaolishikilia relini, inakuwa juu ya reli badala ya pembeni, imekwisha.

#38 Gengi Namba Saba
Na katikati ya treni wakati wa kurudi, zimejaa, nzito, loko imeshapita salama mbele, hiyo nayo ni jiwe? Jiwe limetoka wapi baada ya loko kupita? Pima geji kijana.

#39 Sina Haraka
#38 mzee, limedondoka kutoka kwenye hopa iliyotangulia. Wanajaza mpaka kichuguu.

#40 Kichuguu
Nimesikia naitwa.

#41 Gengi Namba Saba
Limedondoka likaangukia juu ya reli kati ya hopa na hopa, likatulia hapo likisubiri gurudumu? Inawezekana. Hata mimi kushinda bahati nasibu inawezekana.

#42 Mama Sketi
Mzee wetu usimcheke, mimi naona kila siku mzigo ukimwagika, unamwagika pale unapotikiswa, na unatikiswa penye kiungo kibovu. Kwa hiyo nyote wawili mnasema kitu kimoja. Njia mbovu inatikisa hopa, hopa inamwaga, mzigo unaangukia penye njia mbovu.

#43 Gengi Namba Saba
Mimi nasema njia. Yeye anasema hopa. Sio kitu kimoja.

#44 Injinia Mtarajiwa
Naomba kuuliza, umbo la hizo ndevu likoje? Zimekaa bapa, yaani zinakutana na reli kwa pembe mraba, au zimelazwa? Kwa sababu kama ni bapa, jiwe likikutana na mpira halina pa kwenda, linasukumwa mbele tu juu ya reli, linaviringika viringika mpaka mpira uchoke ulikunjie. Zikilazwa kama jembe la plau jiwe linateleza kwenda nje.

#45 Fundi_Leveli
Dogo sasa umeongea. Ni bapa. Mzee alifuata mashimo ya gadi za zamani.

#46 Dreva wa Njia ya Uhuru
Zilazwe kwenda nje, sio ndani. Ukilaza kuelekea ndani unajaza mawe katikati ya reli mbili, na chini ya tumbo la loko nafasi ni ndogo, siku moja tumbo la sanduku la betri linakaa juu ya lundo.

#47 Fundi_Leveli
Nje kuna mfereji mkuu. Ule uliojaa. Nikiyatupa nje yanaenda kuujaza zaidi, maji yanapanda, tope linafunika reli, dreva haoni mawe.

#48 Mjomba Spana
Kila mnapofungua mlango kuna mlango.

#49 Tukuyu Asilia
Nimeufurahia uzi. Babu yangu alikwenda Joni (Johannesburg) kwa Wenela, wale waliokuwa wanaajiri watu wa migodi ya Sauzi, enzi zile kina babu zetu wengi wa Rungwe walipita huko. Alirudi na koti, blanketi na maneno ya Kifanakalo, ile lugha ya mchanganyiko ya migodini, na alikuwa akikasirika anatuita kokopani. Miaka yote nilidhani ni tusi, kuja kujua ukubwani ni hicho kigari cha kusukuma mawe. Yeye walikuwa wanasukuma kwa mikono, alisema mtu wa mbele kabisa kazi yake ilikuwa kutembea na ufagio wa vijiti anafagia reli, na ndio ilikuwa kazi ya waliokuwa wanaumwa au wamezeeka. Gadi wa kwanza wa magurudumu alikuwa mtu.

#50 Fundi_Leveli
#49 hilo neno lipo mpaka leo, wazee huku wanalitumia. Na ufagio wa vijiti umenifikirisha, kuna mtu kwenye shifti yetu alisema tuweke brashi ya waya badala ya mpira.

#51 Mama Sketi
Brashi kwenye tope inageuka tofali kwa siku mbili. Usijaribu.

#52 Fundi_Leveli
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, naleta mrejesho.

Kwanza mchanga: kwenye loko moja bomba lilikuwa mbele ya mpira kama alivyosema #23, kwenye nyingine lilikuwa nyuma. Ile ya kwanza nimelisogeza, bomba limekunjwa kidogo na kuchomelewa kishikizo kipya. Pili nimezilaza ndevu kwa kuchomea kipande cha pembe nyuzi kama 30, kuelekea nje. Tatu, mzee amefunga ndevu ndogo kwenye hopa ya mwisho, ile inayotangulia tukisukuma. Shida, hopa zinachanganywa kila siku, leo ndio ya mwisho kesho ipo katikati, kwa hiyo sasa kuna kijana ana kazi ya kuhakikisha hopa yenye ndevu inakaa mwisho na yeye analalamika hajaongezwa hela.

Wiki ya kwanza haikuacha njia hata mara moja. Foromani akaacha kucheka. Wiki ya pili ikaacha mara moja, hopa ya katikati, imejaa, inarudi. Mzee wa gengi najua unasubiri.

#53 Gengi Namba Saba
Sisemi kitu.

#54 Fundi_Leveli
Wiki ya tatu nikaenda na kipimo cha geji usiku, kimyakimya. Kwenye sehemu mbili imefunguka milimita 19 zaidi ya inavyotakiwa. Lakini palipoacha njia ile wiki ya pili sio hapo. Hapo geji ni nzuri kabisa, na jiwe lilikuwepo. Na flanji ya hiyo hopa imelika imekuwa kali kama kisu. Kwa hiyo sijui niwaambie nini.

#55 Sina Haraka
Flanji kali inapanda reli hata bila jiwe, ikikuta kiungo tu.

#56 Gengi Namba Saba
Na flanji imekuwa kali kwa sababu gani? Geji. Inasugua.

#57 Injinia Mtarajiwa
Au beringi za hopa zimekufa, ekseli inakaa mshazari, inasugua upande mmoja. Mkuu flanji ya upande wa pili ikoje?

#58 Fundi_Leveli
Upande wa pili nzima. Kesho nashusha hiyo ekseli tuone.

Halafu kuna jambo jingine nilisahau. Jana asubuhi nimekuta loko namba mbili haina ndevu hata moja, bolti zimefunguliwa vizuri kabisa na mabapa yamewekwa pembeni kwa adabu. Leo kwenye keji nikamuona jamaa mmoja wa shifti ya usiku amevaa katambuga mpya, soli yake nene, matabaka matatu.

#59 Mjomba Spana
Nimecheka nimeamsha watoto.

#60 Kichuguu
Sasa huyo ndiye gadi wa mpira niliyemuuliza tangu #2.

#61 Mama Sketi
Milimita 14 ni nzuri kwa katambuga, hana kosa. Fundi ukikata nyingine toboa mashimo mengi ya bolti, mtu hatengenezi ndala yenye matundu.

#62 Fundi_Leveli
#61 hiyo naifanya kesho. Mzee keshaanza kukata, kaniambia nilete sabuni.